Wa Mbele Upi?

"Nipe maneno yake yenyewe," Afande Pole alisema. "Usinieleze maana. Maneno tu."

Dereva wa kijiko alijifuta uso kwa kiganja. Kijiko ndiyo ile mashine yenye mkono mrefu wa chuma inayobomoa nyumba, na yeye alikuwa ameiendesha tangu ndevu zilipoanza kumtoka. Sasa alikuwa mahabusu tangu Jumapili, na mkanda wa suruali amenyang'anywa, kwa hiyo kila akiinuka alishika kiuno.

"Msimamizi alisema: ukimaliza huo, vunja wa mbele."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikamwuliza, wa mbele upi?"

"Akajibu?"

"Akasema, wa mbele bwana, wa mbele mbele! Akanyoosha mkono hivi." Dereva alinyoosha mkono wake kuelekea ukuta wa chumba cha mahojiano. "Basi nikavunja."

Koplo, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. "Mbele mbele ndiyo lugha gani ya kazi?"

"Dada yangu, mashine inanguruma, vumbi limejaa mdomoni, unataka msimamizi anisomee hotuba? Ndivyo tunavyosema siku zote."

"Pole," alisema afande.

Jina hilo la Pole alibandikwa na wenzake kituoni. Alikuwa na mazoea ya kumpa pole kila mtu: aliyeibiwa, aliyeiba, na hata mlevi mmoja aliyemtapikia viatu. Wengine walisema jina ni kwa ajili ya mwendo wake. Hakuwahi kubishana nao.

"Hukujua kwamba ukuta wa barabarani haukuwa wa kuvunjwa?"

"Ningejuaje? Nililetwa Ijumaa, mwenzangu aliumwa mgongo. Kule ndani hapakuwa na alama hata moja. Baadaye ndiyo naambiwa waliandika USIGUSE kwa rangi nyekundu, upande wa barabarani. Mimi nilikuwa uani, nyuma. Yule mzee wa watu pia alikuwa upande wa barabarani." Alijifuta uso tena. "Sikumwona, afande. Naapa sikumwona."

Nje ya chumba, kwenye benchi la wageni, dada yake dereva alikuwa amekaa na chupa ya uji aliyokatazwa kuiingiza. Afande alipopita, aliinuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Pole."

"Wanasema kesho asubuhi anapelekwa mahakamani, kwamba ameua kwa uzembe. Ni kweli?"

"Ndivyo ilivyopangwa."

"Akifungwa, hakuna atakayempa mashine tena. Hajui kazi nyingine."

Afande alimtazama askari wa kaunta, akaitazama chupa ya uji, akamtazama tena askari. Askari akaona kumbe ana shughuli kubwa ya kunyoosha kalamu zake mezani. Dada mtu akapita na chupa yake.

*

Jengo lenyewe lilikuwa katikati ya mji, la ghorofa moja juu, la zamani kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanga chumba humo. Mpango ulikuwa kubomoa vyumba vyote vya nyuma na kujenga nyumba mpya za kuishi, ila ukuta wa barabarani ubaki, pamoja na madirisha yake ya upinde na maua ya lipu yaliyonakshiwa juu ya madirisha. Hilo ndilo lilikuwa sharti la kibali: ukuta ubaki, na nyumba mpya zisiuzidi urefu. Ukuta usipokuwepo, sharti nalo halina pa kushikia. Jumapili asubuhi ukuta ulianguka. Fundi wa lipu, mzee aliyekuwa akiyatengeneza yale maua, alikutwa chini yake pamoja na ngazi yake na ndoo yake.

Afande Pole alimweka Koplo uani, pale kijiko kilipokuwa kimesimama, naye akasimama alipodai msimamizi kuwa alikuwa.

"Wewe ni dereva. Umemaliza ukuta wa jiko. Nikikwambia vunja wa mbele, utavunja upi?"

Koplo alitazama. Baada ya ukuta wa jiko ulikuwepo ukuta wa ukumbi. Baada ya ukuta wa ukumbi ndipo ulipokuwepo ule wa barabarani, mrefu zaidi, ambao mkono wa kijiko uliweza kuufikia kwa juu.

"Ukiniambia wa mbele, naelewa unaofuata, wa ukumbi," alisema. "Ila pia naelewa mbele ya nyumba. Wa barabarani."

"Na nikinyoosha mkono?"

"Zote mbili ziko upande huo huo, afande. Mkono hausaidii kitu."

"Na mbele mbele?"

Koplo akacheka kidogo. "Hapo ndipo ningekuomba uandike."

"Pole," alisema afande, na akaenda kumtafuta msimamizi.

*

Ofisi ya msimamizi ilikuwa ndani ya kontena lililotobolewa dirisha. Msimamizi alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, kofia ngumu ameitundika mahali pake. Alipowaona aliinuka, akafuta viti kwa kitambaa.

"Karibuni. Koplo, usikae hicho, kina msumari, utachana sketi. Chukua changu."

Akabaki amesimama yeye.

"Neno ulilomwambia dereva," afande alianza.

"Nilimwambia avunje wa mbele. Sikatai, na sitakataa hata mahakamani. Nilimaanisha unaofuata, ule wa ukumbi. Yeye akaelewa wa barabarani. Afande, mimi si mwalimu wa lugha. Neno moja limeniponyoka, mtu amekufa. Unadhani nalala?"

"Alikuuliza wa mbele upi?"

"Labda aliuliza. Mashine ilikuwa inanguruma."

"Wewe ulikuwa wapi ukuta ulipoanguka?"

"Nilitoka kwa geti la nyuma kununua vocha. Nilisikia kishindo nikiwa dukani. Muuza duka yupo, mwulizeni."

Walikuwa wameshamwuliza. Ilikuwa kweli.

"Kwa nini kazi ilifanyika Jumapili?"

"Barabara huwa tupu. Vumbi halimsumbui mtu."

"Na upande wa barabarani, wiki hii mlikuwa na kazi gani?"

"Hakuna hata moja mpaka mwezi ujao. Alikuwepo fundi wa lipu peke yake, naye Ijumaa aliniaga kwamba Jumamosi anasafiri kwenda kwa binti yake." Msimamizi aliinamisha macho. "Sijui alirudi kufanya nini. Hakupaswa kuwepo."

"Kokoto, mchanga, saruji, vyote vinapita wapi?"

"Geti la nyuma, vyote. Mbele ni njia ya watu, siwezi kuwamwagia wapita njia."

Koplo aliandika. Msimamizi aliwasindikiza hadi mlangoni, akawaonyesha nondo iliyochomoza chini ili wasijikwae.

"Mtu mzuri," Koplo alisema walipofika mbali kidogo.

"Sana," afande alijibu.

Alisema hivyo bila kejeli. Mkuu wa kituo alikuwa ameshamwambia kwamba kesi hii ni ya neno moja tu lililosikika vibaya: msimamizi atoe maelezo yake, dereva aende mahakamani, jalada lifungwe. Na mpaka dakika ile, Afande Pole hakuwa na cha kupinga. Jambo moja tu lilikuwa limenyooka, nalo ni kwa nini fundi alikuwepo. Mjane wake alikuwa amelieleza juzi, kwa sauti ndogo, akiwa amezungukwa na ndugu.

"Ua la mwisho lilikuwa bado bichi," alisema. "Lipu ya chokaa lazima uinyweshe maji kila siku, ukiiacha na kiu inapasuka. Alikuwa akisema ni kama mtoto mchanga, haijui Jumapili. Basi akaahirisha safari, akachukua ndoo. Kwa ajili ya ua moja, baba."

*

Walizunguka hadi barabarani. Vibarua walikuwa wameondoa sehemu ya kifusi ili watu wapite, na njia ya miguu ilionekana. Afande Pole aliinama, akapiga goti moja, akagusa sakafu kwa kidole. Kidole kilitoka cheusi.

"Masizi," alisema.

"Ya moto?"

"Ya jiko. Na si ya juzi. Tazama yalivyoingia kwenye saruji, na hapa pana mafuta." Alitambaza macho kando ya masizi. Palikuwa na alama nne za kutu, pale miguu ya meza ya chuma ilipokuwa ikisimama mvua na jua. "Mtu alikuwa akiuza hapa, chini kabisa ya dirisha. Kwa miaka."

"Jumapili haji, huenda."

"Yeye haji. Je, meza? Unaibeba meza ya chuma kila siku ukaenda nayo nyumbani?"

Koplo alielewa. Akakimbilia kwa kibarua aliyekuwa akipakia kifusi kwenye toroli, wakasemezana, akarudi.

"Anasema meza ilikuwa inafungwa kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha. Siku zote, pamoja na jiko na viti. Lakini kwenye kifusi hawakukuta kitu. Hata kikombe kilichovunjika."

"Mwenyewe ni nani?"

"Wanamwita Mama Mvuke. Yule pale."

Ng'ambo ya barabara, chini ya nguzo ya taa, mwanamke mnene aliyefunga kitambaa kichwani alikuwa akipuliza jiko. Meza ya chuma ilikuwa mbele yake, nzima kabisa, miguu yake minne ina kutu.

*

"Polisi mnalipa, au mnakunywa kwa kiapo?" Mama Mvuke aliuliza kabla hawajasema neno.

"Tunalipa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kaeni. Yai?"

"Chai tu. Pole kwa msukosuko wa ule ukuta."

"Tumeshapoa, mwanangu. Marehemu ndiye wa kulilia. Alikuwa anakunywa hapa, kikombe kimoja, halafu anakisuuza mwenyewe. Wewe umemwona mwanaume anayesuuza kikombe?" Alimtazama Koplo, akitaka shahidi. Koplo alikiri hajamwona.

"Wewe ulikuwa ukikaa upande ule," afande alisema.

"Miaka yangu yote. Wapangaji wa mle ndani wamezaa, wameoza, wamehama, mimi nipo pale chini ya dirisha. Nimehama Jumamosi jioni. Na nimshukuru msimamizi, maana leo ningekuwa naokota vijiko kwenye kifusi."

Kalamu ya Koplo ilisimama. Afande Pole alipuliza chai yake.

"Msimamizi ndiye aliyekuhamisha?"

"Kwa mikono yake! Alikuja nafunga biashara, akasema, mama, tuisogeze hii meza ng'ambo. Nikamwambia ni nzito, nisubiri vibarua Jumatatu. Akasema hapana, leo leo. Akavua saa akaiweka mfukoni, akabeba. Meza, jiko, viti, hata lile debe langu la maji, bado lina maji. Shati jeupe lote masizi! Nikamwambia mkeo atanitukana, akacheka. Akanifungia mnyororo hapa kwenye nguzo, akauvuta kuona kama umeshika. Vijana wa siku hizi watakufanyia hivyo?"

"Alikwambia kwa nini?"

"Mchanga. Alisema Jumatatu malori yanamwaga mchanga pale pale nilipokuwa."

"Upande huu wa barabarani?"

"Sasa mwanangu, mimi nilikuwa nakaa upande gani?"

"Pole. Akasema nini kingine?"

Mama Mvuke alifikiri, huku anamenya yai la mteja. "Aliniuliza kama kesho yake nakuja. Nikamwambia Jumapili siji, miguu inapumzika. Akauliza tena: hata kupitia kuchukua kitu? Nikamwambia hata kupitia. Basi, akasema, pumzika mama. Unaona mtu anavyojali?"

"Naona," alisema Afande Pole.

Alimaliza chai yake taratibu, akalipa. Alipokuwa anainuka, Mama Mvuke alimshika mkono.

"Nasikia mnamwita kituoni kila siku, mnamsumbua. Nyie mkimaliza chai yenu mnaondoka, yeye je? Subiri." Akamimina kikombe, akatia sukari vijiko vitatu, akafunika kwa kisahani. "Mpelekee. Mwambie sitasahau. Kikombe nirudishiwe."

Walivuka barabara. Koplo alisubiri mpaka walipofika kwenye gari.

"Afande, yule mama anamsifu."

"Ndiyo maana namwamini. Angekuwa anamchukia, ningehitaji shahidi wa pili. Hata hivyo mpitie mwenye malori, umwulize kama aliagizwa mchanga wa Jumatatu. Halafu mlete msimamizi kituoni. Kwa heshima."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshika kikombe," alisema Afande Pole. "Endesha polepole."

*

Mwenye malori alikuwa hajaagizwa mchanga wowote.

Msimamizi aliletwa adhuhuri. Akaketi upande ule ule alioketi dereva asubuhi, akaweka mikono mezani. Afande Pole aliingia na kile kikombe, ambacho askari wa kaunta alikuwa amekipasha moto, akakiweka mbele yake na kuondoa kisahani.

"Pole kwa usumbufu. Hii si yetu. Imetoka kwa Mama Mvuke."

Msimamizi alikitazama kikombe.

"Amesema hatasahau ulivyombebea meza," aliendelea afande. "Na kikombe chake arudishiwe."

Mkono uliokuwa ukienda kwenye sikio la kikombe uliishia njiani.

"Leo asubuhi uliniambia mchanga wote unapita geti la nyuma," alisema afande. "Jumamosi ulimwambia yeye unamwagwa mbele. Tumemwuliza mwenye malori. Hakuagizwa."

Msimamizi aliurudisha mkono mezani.

"Neno lako lingeweza kuwa bahati mbaya. Nimesimama pale uani, nimelijaribu, linaelekea kote kote. Ningekuamini. Lakini mtu anayemaanisha ukuta wa ukumbi hahamishi meza iliyo barabarani. Wewe ulikuwa unajua Jumamosi jioni ni ukuta upi utaanguka Jumapili."

"Yeye ndiye amekwambia?" Msimamizi aliuliza polepole.

"Alikuwa anakusifu."

Msimamizi aliinamisha kichwa hadi kipara chake kikaonekana. Koplo, mlangoni, hakuandika kitu. Msimamizi alisema bila kuinua uso:

"Nilihakikisha hakuna mtu. Nilimwuliza yule mama mara mbili. Fundi alikuwa ameniaga. Aliniaga, afande, tulipeana mikono kabisa, nikampa nauli ya teksi hadi stendi."

"Aliahirisha safari. Ua la mwisho lilikuwa bichi, alikwenda kulimwagilia."

"Ua," alisema msimamizi, kama mtu aliyetajiwa kitu cha nchi ya mbali.

"Ulipata nini kwa ule ukuta?"

"Bila ule ukuta wangeweza kupandisha ghorofa wanavyotaka. Niliahidiwa nyumba mojawapo. Ya chini. Mama yangu hawezi ngazi, tunamshusha mgongoni kila akienda hospitali." Aliitazama mikono yake. "Waliniambia itaonekana ni neno tu limesikika vibaya. Mbele na mbele. Nani atafungwa kwa neno?"

"Dereva," alisema Afande Pole. "Kesho asubuhi."

Msimamizi akafumba macho. Alipoyafumbua, alikivuta kikombe, akanywa kidogo, akakirudisha kwenye alama yake ile ile ya maji mezani.

"Andika kwamba dereva aliuliza," alisema. "Aliuliza vizuri kabisa, nilimsikia. Nikamwelekeza wa barabarani."

"Na aliyekuahidi nyumba?"

"Naye nitakutajia. Niachie nimalize chai kwanza."

Afande Pole alimwachia. Alitoka hadi ukumbini, akamwita askari wa kaunta, akasaini panapostahili, akasema dereva wa kijiko arudishiwe mkanda na viatu, kesho hakuna mahakama kwa huyo. Dada yake dereva alikuwa bado kwenye benchi, na chupa tupu mapajani. Aliambiwa asubiri nje, mlango wa barabarani.

Kituo kilikuwa na milango miwili: mmoja wa barabarani, na mmoja wa kwenye maegesho ya magari ya polisi, ambao askari wenyewe waliuita wa mbele kwa sababu ndio walioutumia. Dereva alitokea kwenye korido akifunga mkanda, macho yanamcheza kwa mwanga.

"Haya, umeachiwa," Koplo alimwambia. "Pita mlango wa mbele."

Dereva akapiga hatua moja. Akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, na hakusogea tena.

"Wa mbele upi, afande?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Koplo alimshika mkono, akatembea naye ukumbi mzima, akafungua mlango mwenyewe, akamwonyesha kwa kidole mpaka alipomwona dada yake.